Kikohozi Nilichotoka Nacho Nyololo

Mdogo wangu alipojifungua kule Uyole, nilifunga duka langu la vitenge Nyololo nikaenda kumkanda na kumpikia uji. Mama yetu alishafariki, na dada mkubwa ni mimi. Nilikuwa nakohoa. Ilikuwa wiki ya tatu, kikohozi cha kunishika mpaka natapika, lakini kwetu Mufindi mwezi wa saba nani hakohoi? Nikasema ni baridi na moshi wa kuni. Nikanywa tangawizi, nikashinda nimempakata mtoto.

Alikuwa na wiki tatu tu, na chanjo ya kwanza ya kifaduro ni wiki ya sita.

Baada ya siku kama kumi akaanza. Alikuwa anajikunja, anakohoa mfululizo bila kuvuta hewa, midomo inageuka bluu, halafu kimya, mpaka tumpulize usoni ndipo avute pumzi. Mdogo wangu akasema twende hospitali.

"Hicho ni kimeo," nilimkatalia. "Kimerefuka, kinamkwaruza koo. Kikikatwa leo, kesho ananyonya."

Sijawahi kutamka "sijui" mbele ya wadogo zangu. Mzee mmoja nyuma ya soko alimkata mtoto kile kinyama cha kooni asubuhi hiyo hiyo, na aliyemshika kichwa ni mimi. Alitema damu, akaendelea kukohoa. Siku mbili nzima nikawa namwambia mama yake avumilie, kidonda kikauke.

Siku ya tatu tulimpuliza akachelewa sana kuvuta hewa. Tukamkimbiza hospitali. Muuguzi alimwekea oksijeni, akasema ni kifaduro. Hata pale nilibisha. Nikamwambia kifaduro nakijua, mtoto akimaliza kukohoa huvuta pumzi kwa mlio.

"Kichanga hana nguvu ya kutoa mlio, mama," alinijibu. "Yeye anaacha tu kupumua. Nyumbani nani anakohoa?"

Mdogo wangu aliinama. Nilijibana nisikohoe, nikashindwa.

Muuguzi hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Alieleza kwamba nguvu ya chanjo ya utotoni hupungua, kwa hiyo mtu mzima huweza kupata kifaduro, akadhani ni kikohozi cha kawaida kinachokataa kupona, na huku anawaambukiza wengine. Tulipewa dawa watu wote wa nyumba ile. Kwa mtoto, alisema, zingefaa zaidi kama angeletwa mapema.

Mtoto alifariki kesho yake mchana.

Sasa mdogo wangu ana mtoto mwingine. Safari hii nilibaki Nyololo mpaka mtoto akamaliza chanjo zote tatu, nikahakikisha sina hata mafua, ndipo nikapanda basi. Alinipokea vizuri, akanipa chai, tukaongea habari za ukoo. Mtoto akalia chumbani. Nikainuka kwenda kumchukua.

"Kaa tu, dada," alisema kwa upole. "Nitamchukua mwenyewe."

Nikakaa.