Low Gap na Mgongaji wa Karai la Shira

Saa moja asubuhi, Loyce Tidmore amesimama kwenye mvuke, anaengua povu la kijani na kulitupa ndani ya ndoo. Mvuke umemmeza hadi kifuani. Anayeingia bandani ghafla huona kichwa chenye mvi na mabega mawili tu, juu ya karai refu la shaba, na mkono unaotokeza na kupotea.

Hasemi neno. Katika banda hili, aliyesimama karaini hasemi.

"Ukiongea unapitwa," anaeleza baadaye, akifuta miwani kwa pindo la shati. "Shira haikungoji umalize hadithi yako. Ikiungua imeungua, kawape nguruwe."

Siku za shule, Loyce huendesha basi la wanafunzi kwenye barabara za mlimani, kaskazini mwa Alabama. Jumamosi za Oktoba ni za mtama mtamu. Anaukata, anaukamua kwenye kinu kinachozungushwa na trekta, kisha anachemsha maji yake mpaka yawe shira nyeusi ya kumwagia vimkate vya moto. Fedha yake hulipia kodi ya shamba na matengenezo ya trekta, basi.

"Haijawahi kunitajirisha," anasema. "Ila jirani akikosa shira yangu Krismasi, ananinunia hadi Pasaka."

Leo lakini kila gari likipita barabarani anainua shingo. Anamngoja Harlan Peek, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Low Gap, ambaye hajakanyaga banda hili tangu bendi ilipovunjika.

Loyce, msichana pekee kati yao, ndiye aliyekuwa mpiga dramu.

Watu wa rika lao huku mlimani bado wanaikumbuka Low Gap. Walikuwa vijana wanne, mwishoni mwa miaka ya themanini, wakipiga gitaa za umeme juu ya nyimbo walizonyonya kwa bibi zao. Walipiga kwenye baa za wakata magogo, kwenye kumbi za maveterani, na kwenye karamu za samaki wa kukaanga. Walilala ndani ya gari juu ya godoro moja. Wimbo wao mmoja ulipigwa redioni hadi Memphis, na kwa miezi michache ilionekana kama wangefika mbali. Hawakumaliza hata miaka miwili.

Walitoa santuri moja tu. Waliirekodi hapa hapa, chini ya bati hili.

"Doyle ndiye aliyelitaka banda," anasema Loyce. Doyle Crumpton alikuwa mpiga gitaa, naye sasa ni marehemu. Mpiga besi alihamia Texas na hataki kusikia habari za muziki. "Doyle alisema bati linarudisha sauti vizuri. Akaleta mashine yake ya kurekodia, tukafunga milango. Mwaka ule hatukupika. Karai lilikuwa limefunikwa juu ya matofali, baridi kama jiwe la kaburi."

Hawakupika kwa sababu baba yake Loyce alikuwa amefariki mwezi wa Machi.

Buford Tidmore alipika shira katika banda hili maisha yake yote ya utu uzima. Kwa kuwa kinu na trekta hufanya kelele ya kuziba masikio, hakuwa akipaza sauti. Shira ilipoiva, mapovu yakawa makubwa na mazito kama macho ya chura, aligonga ukingo wa karai kwa upawa wake mara mbili. Ngo, ngo. Aliyekaa kwenye kizibo cha tundu la kutolea shira, mwisho wa karai, alifungua papo hapo. Hakutakiwa kutazama wala kuuliza.

Loyce alikalishwa kwenye kizibo kile akiwa hata shule hajaizoea. Kila kijana aliyewahi kufanya kazi bandani alikaa pale, Harlan akiwemo, maana alikuwa kibarua wa Buford kabla hajawa mwimbaji wa mtu yeyote.

Upawa wa mzee ulikuwa na kasoro yake. Ribiti ya mpini ilikuwa imelegea, hivyo kila alipogonga, nyuma yake ulifuata mtikisiko mdogo, kama sarafu ndani ya kopo.

"Mama alimwekea upawa ule ndani ya jeneza, chini ya mkono wa kulia," anasema Loyce. "Tukamuuliza, Mama, wa nini huo? Akasema, huko aendako asije akakaa bure."

Oktoba ile, vijana wakarekodi wimbo wa kwanza mchana, milango imefungwa, moto hakuna. Harlan alikuwa na tabia ya kuishikilia noti ya mwisho. Aliivuta na kuivuta, mishipa ya shingo imemtoka, mpaka wenzake wachoke. Walipomaliza, Doyle akarudisha utepe nyuma wasikilize.

Katikati ya ile noti ndefu, ikasikika: ngo, ngo. Na nyuma yake, sarafu ndani ya kopo.

Harlan alicheka. Akamwambia Loyce aache utoto, warudie. Wakarudia. Utepe ukawa na milio ile ile, mahali pale pale. Wimbo wa pili ukawa hivyo, na wa tatu. Bandani hakuna aliyekuwa amesikia kitu wakati wa kupiga. Ilisikika kwenye utepe tu.

Kufikia wimbo wa tatu hakuna aliyecheka tena.

"Alinijia usoni kabisa," anakumbuka Loyce. "Akasema, 'Loyce, wewe ndiye mwenye fimbo mbili mkononi. Unaniharibia nyimbo zangu makusudi.' Nikamwambia, sikiliza vizuri, fimbo zangu zote ziko kwenye matoazi. Unayasikia matoazi? Mimi nina mikono mingapi, Harlan?"

Hakuamini. Santuri ilitoka na milio yake, kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kurekodi upya. Wasikilizaji walidhani ni mbwembwe za bendi, na huko baa walevi walianza kugonga meza mara mbili kila Harlan alipoivuta noti ya mwisho. Ukumbi mzima ulicheka, naye alisimama jukwaani uso umemwiva. Usiku mmoja, kwenye uwanja wa magari nje ya mkahawa wa kambare, alitupa maikrofoni ndani ya gari, akasema, "Mwongo hapigi dramu nyuma yangu," akaondoka kwa miguu. Huo ndio ukawa mwisho wa Low Gap.

Hilo neno mwongo limemkaa Loyce kuliko kifo cha bendi chenyewe. Anakiri kwamba kuna miaka alianza kujishuku. Alikuwa na msiba mbichi wakati ule, na huzuni humfanyia mtu mambo. Labda mkono uligonga wenyewe. Aliweka santuri, akasikiliza, akahesabu matoazi. Kisha akaizima na kwenda kukaa jikoni.

Mwaka huu kampuni moja ndogo ya Nashville iliomba kuichapa upya ile santuri. Vijana wa siku hizi wameivumbua. Ila fundi wao alisema milio ile ni kasoro, na kwa mitambo ya sasa anaweza kuifuta isibaki hata chembe. Walimpigia Harlan, akasema ifutwe. Walimpigia Loyce, akasema akiwa hai haifutwi. Kampuni ikawarudishia mpira: wapatane wenyewe wiki hii, ama kazi iachwe.

"Wengine wana picha za baba zao wakicheka, wakikata keki," anasema Loyce. "Baba hakupenda picha. Mimi nina ngo ngo tu. Wakiifuta, nitakuwa nimemzika mara ya pili. Halafu Harlan atakwenda kaburini anaamini nilimdanganya."

Ndiyo maana alimwandikia Harlan aje, siku ya kupika.

Gari lake linaingia uani jua likiwa limepanda. Harlan siku hizi anatengeneza viyoyozi huko Chattanooga. Amekuwa mzito, anachechemea, na ametangulia kuvua kofia kabla hajafika mlangoni, kama mtu aingiaye kanisani.

Wa kwanza kumpokea ni Bi Opal, jirani aliyepita miaka themanini, anayelisha mabua ya mtama kwenye kinu na haogopi mtu.

"Haa! Peek! Nilidhani umekufa."

"Bado, Bi Opal."

"Na tumbo hilo ni la nani?"

"La kwangu, mama. Nimelilipia."

"Basi lisije likaangukia karaini. Sogea, unawatisha nyigu wangu."

Loyce hacheki. Anamwambia Harlan kwamba kijana wa kizibo ameugua, kwa hiyo kama amekuja kusimama tu na kushangaa, ajue kazi ipo. Harlan anakitazama kile kigoda cha chini, pale pale kilipokuwa zamani. Anaketi. Goti linalia.

"Nimekuja tuongee, Loyce. Sikuja kupika."

"Karaini hatuongei."

"Wewe na baba yako." Anatikisa kichwa. "Nataka useme mara moja tu. Sema ulikuwa wewe. Nitasamehe, kampuni itabakiza milio, tumalize. Nimezeeka, mwanamke."

"Ningeweza kusema," Loyce anamjibu bila kugeuka. "Ingekuwa ndiyo mara yangu ya kwanza kukudanganya."

Bi Opal anatia gia, trekta linanguruma, na mazungumzo yanakufa hapo.

Kwa muda mrefu hakuna kinachotokea isipokuwa kazi. Maji ya kijani yanaingia upande mmoja wa karai, yanapita kwenye vijia vyake vya kupindapinda, yanageuka rangi ya chai, kisha ya kahawia. Loyce anaengua. Nyigu wanatambaa kwenye ndoo za povu. Harlan, kwenye kigoda, anatazama mikono ya Loyce tu. Habandui macho. Ni kama mchezaji karata aliyekwisha kuibiwa mara moja.

Mwandishi wa makala haya alisimama mlangoni, hatua chache kutoka kwao, na anasimulia alichokiona.

Ndoo ya povu ilijaa. Loyce aliutundika upawa kwenye msumari ukutani, akainama, akaishika ndoo kwa mikono miwili, akaanza kuiburuta nje. Mgongo wake ulikuwa umelielekea karai. Mbele ya karai, upande wa ukuta, pale Buford alipokuwa akisimama, palikuwa na mvuke tu. Ukawa mzito mahali pale, ukatulia, wakati kwingine kote ulikuwa unapepea.

Ngo, ngo.

Ilisikika juu ya trekta, juu ya kinu, kavu kabisa. Na nyuma yake, sarafu ndani ya kopo.

Harlan alifungua kizibo.

Hakutazama wala kuuliza. Mkono wake ulikwenda wenyewe, kama ulivyofunzwa alipokuwa kibarua mwembamba wa Buford Tidmore, na shira ikatoka nyeusi, nene, inang'aa, ikajaza chombo bila kuungua hata tone. Ndipo alipoinua macho. Alimwona Loyce kizingitini, mikono yote miwili kwenye ndoo. Aliuona upawa kwenye msumari, haujatikisika.

Bi Opal alizima trekta. Kimya kilichofuata kiliwafanya hata nyigu wasikike.

"Buford," kikongwe akasema kuelekea ukutani, "kaa kwa adabu. Tuna wageni."

Loyce aliiweka ndoo chini taratibu. "Harlan," akasema, "nani amekwambia ufungue?"

Harlan alikuwa bado ameshika kizibo, na shira ilimchuruzika vidoleni, ya moto, asijali.

"Mzee amegonga," akasema. "Ulitaka nifanye nini? Mzee akigonga unafungua."

Kisha akainamisha kichwa, mzee mzima, akalia kwa sauti. Loyce alikwenda kumpangusa vidole kwa kitambaa chenye maji baridi. Hakumkumbusha neno alilomwita. Alimpangusa kidole kimoja kimoja, naye machozi yakimtoka.

"Kumbe alikuwa ananiambia inatosha," Harlan akasema baadaye, wakiwa wamekaa nje na vimkate vya moto na shira mpya. "Kila wimbo. Imeiva, achia. Na mimi nashikilia tu."

"Hata alipokuwa hai alikwambia hivyo," Bi Opal akamjibu, mdomo umejaa. "Hukusikia. Waimbaji hamsikii."

Waliipigia Nashville simu hapo hapo uani. Milio inabaki. Kwenye jalada jipya, chini ya majina ya wanne, Harlan ametaka liongezwe la tano: Buford Tidmore, upawa. Msichana wa kampuni aliuliza kama upawa ni aina ya ala. Loyce akamwambia ndiyo.

Na sasa kuna mpango mwingine. Oktoba ijayo, kabla moto haujawashwa, wawili hao wanataka kurekodi wimbo mmoja mpya bandani, milango ikiwa imefungwa kama zamani. Harlan ameapa kuiachia noti ya mwisho kwa wakati wake. Loyce haamini, ila anatabasamu anapolisema hilo.

Amekwisha kupanga mahali pa kila mtu. Dramu zitakaa karibu na kinu. Harlan atasimama kwenye kizibo. Alipoulizwa kwa nini upande wote wa ukutani, ulio mpana kuliko pote, ameuacha wazi, Loyce alitwaa upawa wake msumarini na kurudi kwenye mvuke.

"Upande ule una mtu," akasema.