Bangili ya Kijani na Sabuni ya Mudaka

Aibu nilipata, sikatai, na mwenye kutaka kunicheka anicheke, lakini asiseme ya kama rangi ilitoka, kwa sababu rangi haikutoka, na juu ya hiyo nitabishana na mutu yeyote mupaka kesho.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, tulipokuwa tunaitana citoyen, raia, mupaka ndani ya nyumba, na mimi niliuzisha batri za gari pale Nyawera, katikati ya Bukavu. Mudogo wangu Mugisho alikuwa assistant wa chimie, kemia ile, kwenye shule moja ya muji, mutu wa maneno matatu kwa siku, na alitaka kuoa Nsimire wa kijiji cha Mudaka. Wa kumusemea mbele ya wakwe ni mimi, porte-parole (kwetu bwana-arusi anakuja, anakaa, ananyamaza, akifungua kinywa, ni kusema hana watu). Na baba ya Nsimire alikuwa anasita: kijana wa kucheza na chupa, atamulisha binti yake nini?

Basi Mugisho alitengeneza bangili ya kumupa Nsimire. Alichukua ya inox, chuma kisichoshika kutu, akaitumbukiza ndani ya maji ya asidi yenye aniline (dawa moja ya mafuta-mafuta), akaifunga kwenye waya ya plus ya batri yangu, yangu mimi, na waya ya moins kwenye kijiti cheusi alichotoa ndani ya pile ya tochi, nacho akakitumbukiza ndani ya maji yale yale. Courant, umeme ule, aliipitisha kwanza kwenye ampoule ya taa ili ipungue. Ngozi ya kijani ikaanza kuota juu ya chuma, polepole.

"Courant inanyang'anya kila kamolekuli kitu kidogo," akanieleza. "Kanabaki na njaa, kanashika mwenzake, naye anashika mwingine, kama watu wa salongo, kazi ya wote ya Jumamosi, wanaopitishana matofali. Ule mustari murefu njo polymère."

Nikaisugua na maji, nikaisugua na kitambaa: haitoki. Mugisho akaanza kusema kitu juu ya sabuni, lakini muteja alikuwa anaondoka na pesa yangu mufukoni mwake, nikamukimbilia.

Kule Mudaka mazungumuzo yakakwama. Nikaona nitoe bangili.

"Muzee," nikasema, "kijana anayeotesha rangi juu ya chuma hawezi kulala njaa. Na neno lake ni kama rangi hii: haitoki."

Mugisho akakohoa. Nikamukanyaga muguu.

"Rangi yote inatoka, papa," shangazi ya Nsimire akasema. "Hata ya kitambaa ya kikwembe ya bei."

"Maman, lete sabuni," nikajibu.

Mugisho akakohoa mupaka machozi (nikawaambia wazee ni baridi ya Bukavu). Shangazi akasugua mbele ya watu wote, akasuuza, akainua: bangili ilikuwa bleu, kama mbingu.

"Asubui kijani, sasa bleu," akasema. "Na magaribi itakuwa nini, citoyen?"

Walicheka mupaka wabeba pombe wakaweka vibuyu chini. Baba peke yake hakucheka. "Mutoto wangu haolewi na mutu wa rangi mbili," akasema, na akasimama.

Hapo Mugisho naye akasimama. "Muzee, naomba ndimu."

Kicheko kikakatika. Bwana-arusi amesema. Wakamuletea ndimu, akaikamua juu ya bangili, tukangoja, na kijani ikarudi, kuanzia kando mupaka yote.

"Haikutoka," akasema. "Sabuni inaigeuza, ndimu inairudisha, ngozi ni ile ile. Nilikuwa nakohoa ili kumuzuia kaka."

Muzee akakaa tena. "Kumbe unajua kusema. Keti, mukwe." Halafu akanigeukia mimi: "Lakini bwana-arusi amesema, na desturi imevunjika. Iko ng'ombe moja ya kuongeza, na itatoka kwako wewe, mwenye kumukanyaga muguu."

Niliipunguza ikawa mbuzi, mutu asisahau hiyo. Nsimire anavaa bangili mupaka leo, na watu bado wananiita niwasemee kwa wakwe, na bado nasema kwa sauti kubwa. Lakini bwana-arusi akikohoa, hata kama ni mafua ya kweli, ninafunga kinywa.