Waliowahi Kukaa Nyumba ya Mawe

Sijui kama mimi ndiye niliyefaa kuandika historia ya ile nyumba ya mawe ya mzungu, hapa juu ya Ruiri. Shule niliachia darasa la nane. Lakini kikundi cha akina mama kilipoinunua ili kilaze wageni, mwenyekiti alisema mwandiko wangu unasomeka, basi. Ubao wa ukutani ulikuwa na nafasi ya wakaaji wanne.

Watatu hawakuwa na shida. Mzungu wa kwanza aliijenga kama za kwao Uingereza, paa limeinama sana ili limwage theluji, ambayo bado tunaingoja. Wa pili alikula meza moja na mbwa watatu. Wanasema alikuwa mkali, lakini kwa haki mimi sikumkuta, na mbwa hawakulalamika. Wa tatu ni chifu mstaafu, aliyejaza viazi ghorofani na kufuga ng'ombe sebuleni.

Nafasi ya nne, Shosho, yule bibi mzee jirani yangu, alisema ni yake. Baba yake alikuwa mpishi wa yule mzungu wa kwanza. Mzungu akaenda kwao likizo, likizo ikawa miaka. Mpishi, ameachiwa ufunguo, akaona hakuna haja ya kupigwa na baridi ya mlima kwenye kibanda. Akamhamishia mke wake ndani. Mama akapanga mafiga matatu kwenye lile shimo la moto la ukutani, akapika githeri ya mahindi na maharagwe, na hapo mbele ya moto akamzaa Shosho.

"Nataka kuandikwa nikiwa bado na macho ya kusoma," aliniambia.

Katibu wetu, mwalimu mstaafu, alikataa. "Shosho, kitambulisho chako kinasema ulizaliwa Ishiara."

"Karani ndiye alizaliwa Ishiara."

"Na kama ni kuzaliwa tu, hata ng'ombe wa chifu alizaa hapa."

"Mwandikeni. Lakini chini yangu."

Shosho akiongea, nilikuwa upande wake. Mwalimu akiongea, nahamia kwake. Ule mstari wa nne niliuandika nikaufuta mara tatu, mpaka rangi ikaanza kutoka.

Siku ya kufungua nyumba tuliwasha moto ukutani, wageni waone uzungu. Upepo wa mlima ukaurudisha moshi wote ndani. Mwalimu alitoka mbio, hotuba ameiuma kwa meno. Mimi nilimpita mwenyekiti mlangoni bila hata samahani. Shosho alibaki kwenye kiti, anakunywa chai.

"Mnakufa na dirisha liko!" alituita. "Fungueni la stoo, moshi upande!"

"Stoo haina dirisha," Mwalimu alikohoa kutoka nje.

"Yako ndiyo haina."

Tulisogeza rafu na magunia ya chifu. Dirisha lilikuwepo, dogo, limepigiliwa mbao. Tulipozibandua tu, moshi uligeuka ukapanda juu kama umeitwa.

Mwalimu alirudi akalipapasa lile dirisha, ambalo hata sisi wenye nyumba hatukulijua. "Haya, andika," akasema. "Lakini useme ni kwa maneno yake."

Hiyo ni haki. Nikaandika: "Wa nne: binti wa mpishi. Anasema alizaliwa hapa, na moshi umekubali."

Shosho alisoma akifuata kwa kidole, neno kwa neno. Halafu akanigeukia. "Na ng'ombe?"

Nafasi ilikuwa imeisha. Nilimwandika kwa kalamu pembeni, herufi ndogo, chini yake.