Askari Ndani ya Kompyuta

Mdogo wangu alipopata kazi ya ulinzi katika nchi moja ya Ghuba, tuligundua mapema kwamba huko kupigiana simu za mtandaoni kumefungwa. Ukipiga, inaita kidogo kisha inakata. Ujumbe wa maandishi ulipita, lakini msimamizi wao alikuwa na tabia ya kukusanya simu za vijana na kuzisoma, kwa hiyo hatukuandikiana lolote la maana. Kilichopita bila kuulizwa kilikuwa ni mchezo. Karibu na kambi yao palikuwa na duka la kompyuta, na kila Jumapili nikitoka kanisani, yeye akiwa dukani humo na mimi kwenye laptop nyumbani Kenya, tulikutana kwenye mchezo wa timu mbili zinazowindana kwa bunduki. Tulivaa headphone na kuongea Kikuyu na Sheng huku tukiwapiga risasi watu tusiowajua.

Tulicheza kushinda, usifikiri ilikuwa kisingizio. Mimi nikishindwa nanuna mpaka Jumanne. Kona za ramani tulizipa majina ya kwetu: uwanja wa vumbi wenye mbuzi wa kuchorwa uliitwa Gatuanyaga, kama kijijini kwetu, ngazi za giza ziliitwa Kimbo kwa sababu ya ngazi za plot ya kupanga ninayokaa mtaa huo.

"Siz, kuna mse anakuja na Gatuanyaga, hapo kwa mbuzi," angesema, maana kwake mimi ni Siz na mtu yeyote ni mse, nami ningejua pa kuelekeza bunduki. Habari zilipita katikati ya risasi. Kwamba passport yake ilichukuliwa siku aliyofika, aliniambia tukiwa tumejibanza nyuma ya ukuta.

Mama, ambaye yuko Gatuanyaga yenyewe na mbuzi wa kweli, alinipigia kila Jumapili jioni. Swali lake lilikuwa moja: "Amesema anakula?"

Laptop yangu ni ya zamani. Windows iliilemea mpaka ikawa inahema kama mtu mwenye pumu, ndipo rafiki wa chuo akaniwekea Linux, mfumo wa bure usio na mzigo, na mashine ikafufuka. Mchezo wetu ulitengenezewa Windows, lakini ipo programu ya katikati inayoufanya uamini uko ndani ya Windows. Shida ya michezo ya mashindano ni askari wake, yaani programu inayopekua kompyuta yako ikitafuta wadanganyifu. Huyu wetu alikuwa mpole. Sisi wa Linux alitukagua juu juu, akafungua geti.

"Huyo askari ni kama mimi tu," mdogo wangu alinitania siku moja. "Hajui anachunga nini."

Kisha ikaja Jumapili ambayo sauti yake ilikuwa chini. Alikosa risasi rahisi kabisa.

"Unalala?" nilimfokea.

"Siz, huku si poa. Kuna mse wa room yetu ameenda kazi mahali fulani na hajarudi. Tumeambiwa tusiulize. Sasa wanataka mimi nichukue place yake. Next Sunday nitakuambia yote, huyu wa duka anafunga."

"Niambie sasa!"

Adui alitokea kwenye ngazi za Kimbo akamwua, na jina lake likazimika. Mama nilimwambia anakula vizuri.

Jumapili iliyofuata nilifungua mchezo nikakuta maneno kwenye skrini: mazingira haya hayaaminiki. Watengenezaji walikuwa wamebadilisha askari, na sisi wote wa Linux tukafungiwa nje kwa maelezo kwamba wadanganyifu wanajificha kwetu. Sijawahi kudanganya hata kwenye karata. Nilimwandikia maneno yasiyo na hatari, "Game imegoma, ngoja kidogo," na hakujibu.

Siku za katikati nilizitumia Thika, kwa fundi anayeunda kompyuta kutokana na vipande vya mashine kuukuu kutoka ng'ambo. Watu wengi huku hununua hivyo, ubao mama, yaani motherboard, wa hii, diski ya ile, na hakuna anayeuliza kipande kiliishi wapi kabla. Nilimwachia televisheni yangu, naye akanipa mashine yenye Windows. "Iko clean, madam," alisema.

Jumapili askari alinipekua, akaniruhusu. Nikaliona jina la mdogo wangu likiwaka kijani. Nilipiga kelele peke yangu chumbani.

"Siz! Finally. Sikia, yule mse wa room, nimejua walimpe..."

Skrini ikawa nyeupe. Akaunti yangu ilikuwa imefungwa daima, kwa sababu kifaa hicho kilishawahi kutumiwa na mdanganyifu. Mtu wa ng'ambo, nisiyemjua, aliiba ushindi wake akaitupa mashine, na askari hakuisahau namba ya ule ubao.

Fundi alinitazama kama mtu aliyelaumiwa kwa mvua. "Madam, mimi naangalia kama inawaka."

Kibaya zaidi nilikisoma baadaye kwenye kanuni zao. Anayecheza mara kwa mara na mdanganyifu hufungiwa pamoja naye. Nilienda cyber ya Ruiru, kwenye kompyuta za kulipia kwa saa, nikafungua akaunti mpya, nikatafuta jina lake. Limefungwa. Mimi ndiye niliyemfungia mlango niliokuwa nakimbilia, na bado naenda cyber hiyo kila Jumapili, kuangalia kama ataingia kwa jina lingine. Hajaingia.

Leo, nikiwa hapo, ujumbe uliingia kwenye simu kutoka namba yake.

"Dada mpendwa, natumaini nyote mko salama. Mimi ni mzima na kazi mpya ni nzuri. Msiwe na wasiwasi. Asante kwa kuniuliza."

Tangu ajue kuongea ananiita Siz, hajawahi kuniita dada. Nami, kwa kuogopa simu zinazosomwa, sikuwa nimemwuliza kitu. Nilikuwa bado nausoma mama alipopiga kuuliza kama anakula.