Fundi wa Kuta Aliyelilewesha Kasri

Saa tatu asubuhi, mwanamke mmoja anaugombeza ukuta.

“Inama kidogo basi! Aa, sasa umezidi!” Anasogeza kipanya, na kwenye kioo cha kompyuta tofali moja linalegea upande wa kushoto. Anapiga makofi peke yake. Wenzake hawageuki, wamemzoea.

Hapa wanamwita Mama Kuta. Kampuni hii inatengeneza filamu za katuni, na kazi yake ni kuvisha vitu ngozi, yaani sura ya nje: kuta, sakafu, mabati. Hashiki brashi. Programu yake ina visanduku vilivyochorwa kwenye kioo, vinavyounganishwa kwa nyaya za kuchorwa pia. Kimoja kinazaa matofali, kingine madoa, kingine ukungu. Ukivipanga vizuri, ukuta unajitokeza wenyewe. Mimi nilipouona mara ya kwanza nilidhani ni mazingaombwe!

Zamani alikuwa akipuliza rangi kwenye magari. Miaka kumi na miwili ya gereji ilimwachia kikohozi kisichosikia dawa.

“Daktari akaniambia, mama, chagua kazi au mapafu,” anasimulia. “Nikamjibu, mapafu hayalipi kodi ya nyumba.”

Hata hivyo alijifunza programu hii kwenye kompyuta ya dada yake, kisha kampuni ikamchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Akishindwa, ni kurudi gereji. Hakuwa na njia nyingine.

Kazi ya mwisho ya majaribio ilikuwa jiko la familia maskini, kwenye filamu ya mfalme mmoja. Kisanduku cha matofali kilichokuja na programu kilimpa ukuta ulionyooka kupita kiasi. Akampelekea mumewe picha. Mumewe ni mwashi.

“Mama watoto, huu haukujengwa na mtu,” mume akasema. “Mtu huchoka. Ikifika mchana, mstari unaanza kupanda.”

Basi akakifungua kisanduku chenyewe. Ndani mna visanduku vingine vidogo, naye akaingia humo akakorogakoroga mpaka matofali yakachoka kama ya binadamu. Jiko likapendeza mno. Akaenda nyumbani akiimba.

Kumbe! Kisanduku kile kinatumiwa na kampuni nzima. Ukitaka kukibadilisha, unatoa nakala kwanza, unachezea nakala. Yeye alikuwa amekichokonoa cha asili.

Asubuhi yake mwenzake wa kazini akampigia simu. “Dada, kimbia! Kasri la mfalme limelewa!”

Si kasri tu. Gereza, soko, daraja, kila chenye tofali kwenye filamu kilikuwa kinapepesuka.

“Nilitamani ardhi ipasuke inimeze,” anasema, akicheka mpaka machozi. “Kiongozi wetu amesimama nyuma yangu, mikono kifuani. Nikajisemea, haya, leo leo gereji.”

Kiongozi aliuliza jambo moja tu: “Unaweza kulinyoosha kasri bila kuliharibu jiko?”

Alirudisha kisanduku cha asili kilivyokuwa, akatoa nakala, na juu ya nakala akaweka kitufe cha kusogeza. Kikiwa sifuri, matofali yananyooka kwa ajili ya mfalme. Ukikisogeza hadi mwisho, unapata jiko. Kando yake akaandika jina: Uchovu wa Fundi.

Kiongozi akakisogeza. Akakirudisha. Akakisogeza tena, safari hii akitabasamu. “Hebu nipe na mimi!” akasema jirani, na mara kila mtu anakitaka. Kufikia mchana, gereza lilikuwa limepewa uchovu wa nusu.

“Mkataba wa kudumu utausaini Ijumaa,” kiongozi akamwambia. “Ila ukigusa tena kisanduku cha asili, nakufukuza mimi mwenyewe.” Vigelegele vilisikika mpaka barabarani.

Filamu inayofuata ina magari chakavu, na tayari Mama Kuta ametoa nakala ya kisanduku cha kutu. Ametoa nakala, anasisitiza!

“Rangi iliyobambuka naijua kwa vidole,” anasema. “Lakini siwezi kuyamaliza yote peke yangu. Wenzangu wawili bado wako gereji, wanakohoa. Kiongozi amekubali waje wajaribiwe. Nimewapigia, nimewaambia njooni jamani, huku rangi haina harufu.”