Mkia wa Herufi

Siku Arishi alipomwona Bodeshmuni kwa mara ya kwanza, alimfokea. Arishi alikuwa mshika usukani, amebeba kasia zito la usukani begani, na katika vibanda vya bandari ya vita ya Karthago mtu mmoja mwenye vumbi la mbao kichwani alikuwa amekaa njiani akigonga msumari.

"Wee fundi, sogea! Au nikupigilie na wewe?"

"Nimesogea, nahodha," yule mtu akajibu, akijivuta pembeni. "Ila usinipigilie leo, sijala."

Waliokuwa karibu wakacheka, kisha mmoja akamnong'oneza Arishi. Kumbe yule ndiye jemadari mpya wa merikebu zote za vita, mtoto wa seremala aliyepandishwa cheo na vita. Na Karthago nzima ilijua: jemadari akishindwa, baraza humpigilia msalabani.

Bodeshmuni hakuweka kinyongo. Alimchukua Arishi kwenye merikebu yake, akaendelea kumwita nahodha kwa utani.

Wakiongoza merikebu nyingine, walipeleka chakula Lilibeo, mji wetu uliozingirwa kule Sisilia. Kuingia waliingia, kutoka ikawa shughuli. Warumi walikaa mlangoni mwa bandari kama kizibo. Shayiri ikageuka uji, uji ukageuka maji. Nyumbani nako baraza likatuma neno: toka upigane, au uje ujieleze.

Merikebu ya jemadari ilikuwa na mbao zilizovunjika. Mbao zetu hukatwa nyumbani, kila moja na herufi yake, ili fundi aziunge popote bila kupima. Lakini herufi za mbao za akiba zilikuwa zimefutika, na Muttuni, fundi mkuu, alikuwa hoi kwa homa. Bodeshmuni akashika rangi, akaziandika upya mwenyewe. Sasa, herufi zetu Daleth na Resh ni kama mapacha. Huwatofautisha mkia tu. Mkono wenye njaa uliurefusha mkia mmoja. Ubao ukaingia pasipo pake, lami ikaufunika.

Walipochomoka, makasia yakivutwa kwa nguvu zote, ubao ule ukaachia. Merikebu ikalemewa na maji katikati ya mkondo mwembamba, merikebu za nyuma zikagongana, Warumi wakazichuma kama tini mbivu. Chache ndizo zilizopenya, ya jemadari ikiwamo, ikivuja. Muttuni alifariki siku hiyohiyo, amelala juu ya kamba.

Bodeshmuni, akichota maji, aliuona ule mkia mrefu kwenye ubao ulioachia. "Mkono wangu huu," akasema.

Kuta za Karthago zilipoonekana, Arishi alimsogelea.

"Mzee, sema Muttuni ndiye aliyekosea. Maiti hasulubiwi."

"Na wanawe wanaofanya kazi vibandani? Watafukuzwa kama mbwa."

"Basi nigeuze. Upepo wa kutukimbiza hadi kisiwa cha Ibiza huu hapa."

"Mama yangu na mke wangu wamo ndani ya ukuta ule. Nikikimbia, unadhani baraza litakosa wa kumshika? Ingia, nahodha."

Arishi akaingia. Nyuma yao mnyororo wa bandari ukainuliwa, ukidondosha maji. Gatini askari wa baraza walikuwa wamejipanga, na mmoja akauliza kwa sauti nani wa kujibu kwa merikebu zilizopotea.

Arishi alijikuta amesimama kwenye ubao wa kushukia, mikono ameitanua, bila kujua anamzuia nani. Bodeshmuni akamgusa bega.

"Sogea, nahodha. Fundi anapita."