Mama Mkwe na Unga Uliogoma Kuganda

Fundi wa meno ya bandia alikuwa amepima vinywa vya watu wa kila aina, ila cha mama mkwe wake hakuwahi kukigusa. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la miwani: kiti cha kuegemea, sinki, na rafu iliyojaa taya za plasta zilizomkenulia kila aliyeingia. Mama mkwe, aliyebakiwa na meno matatu na maneno yasiyohesabika, alifika mchana wa jua kali pamoja na mumewe, mshonaji mstaafu ambaye mbele ya mkewe hakumaliza sentensi.

Kazi yenyewe si ngumu. Unga wa kupimia unakorogwa na maji, unajazwa kwenye kijisahani chenye umbo la taya, mteja anauma, unaganda, unatolewa. Lakini kumpima mkwe si mchezo. Fundi alibabaika, akasahau kwamba maji ya bomba lake yanatoka kwenye tangi lililo juu ya bati, na saa hizo yalikuwa ya moto. Kabla hajamaliza kukoroga, unga ulishaganda. Mwiko ukasimama wima ndani ya bakuli.

"Mwanangu, hayo ni meno au keki?" mama mkwe akauliza.

Huku jasho likimtiririka, fundi akaeleza kwamba joto huzitia chembe za unga mbio, zikagongana kwa nguvu, na mchanganyiko ukashikana upesi, lakini baridi huzituliza. Basi ili asiumbuke tena, akachukua maji ya barafu kwenye friji. Safari hii unga ulikuwa laini kama maziwa ya mgando. Akamwekea mama mkwe kijisahani kinywani, akamwomba atulie kidogo.

Unga ukagoma kuganda.

Chumba kikawa kimya. Baba mkwe akatazama huku na huku, kama mtu aliyesikia mvua imekatika ghafla. Akavuta stuli, akakaa karibu na mkewe.

"Mama watoto," akasema, "ile redio haikuibiwa. Niliigawa mwenyewe. Mlikuwa mnaongea wawili kwa pamoja."

Macho ya mama mkwe yakamtoka, kooni ukasikika mngurumo. Fundi hakuwa na pa kukimbilia. Kidole chake ndicho kilichoshikilia kijisahani, akaamua kutazama dari. Mzee hakukomea hapo. Akasema rangi ya zambarau ya sebuleni inampa kizunguzungu tangu siku ilipopakwa. Kisha sauti ikashuka.

"Na ulipokwenda kumuuguza dada yako, nilijiona kama mpangaji mle ndani. Nilikaa mlangoni nikikungoja urudi unigombeze."

Mama mkwe akajaribu kujibu, na hapo akaharibu kila kitu. Unga ulipoganda hatimaye, alama ya ufizi ikatoka imepinda. Fundi akaomba radhi, akasema itabidi warudie.

"Tia yale maji ya bomba, mwanangu," mama mkwe akasema akifuta udenda. "Nina haraka na huyu bwana."

Fundi akachanganya ya bomba na ya friji, yakawa vuguvugu, na kazi ikaenda sawa. Meno yalipokamilika yalimkaa barabara. Siku chache baadaye sebule ilipakwa rangi nyeupe. Mzee alishika ngazi, na mama mkwe akasimamia kazi yote kwa mdomo.